Kompyuta Inawaka Kisha Inajizima: Maswali Ninayoulizwa Kila Siku

Nina meza ya ufundi Dar es Salaam, upande wa Kariakoo. Kazi yangu kubwa ni kompyuta za mezani za majumbani, nyingi zikiwa zile zilizotumika kwanza maofisini Ulaya na Marekani, zikaja kwa kontena, zikauzwa tena huku kwetu. Tatizo linaloniletea wageni kuliko yote ni hili: ukibonyeza inawaka, feni zinazunguka, halafu kabla hujafungua chochote inajizima. Nimeamua kuandika majibu kwa sababu kuyarudia kwa simu saa nne usiku kumenishinda.

Jambo moja kabla hatujaanza. Watu wengi huliita boksi zima "CPU". Sigombani na mtu, hata mimi nikiwa mezani nasema hivyohivyo. Ila humu nikisema boksi ni boksi, na nikisema prosesa ni kile kidude cha mraba kilichojificha chini ya feni, kinachofanya kazi yote.

Nianzie wapi?

Anza kwa kuhesabu. Usichomoe kitu, usifungue kitu. Chukua simu, weka saa ya kuhesabu sekunde, bonyeza kitufe cha kuwashia, kisha andika imejizima sekunde ya ngapi na kiooni ilikuwa imefika wapi. Rudia mara tatu, ukiacha dakika kumi katikati ili ipoe.

Nikipewa namba hizo tatu najua kwa kukadiria nifungue wapi. Ikijizima sekunde ya kwanza au ya pili, kabla kioo hakijaonyesha chochote, nafikiria shoti au pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Ikijizima sekunde ya nne au ya tano, na kila mara ni hiyohiyo, nakwenda moja kwa moja kwenye kitufe. Ikikaa nusu dakika mpaka dakika mbili, na ukiiwasha tena papo hapo inadumu muda mfupi zaidi, hilo ni joto. Ikifika kwenye vile vidoti vya Windows vinavyozunguka halafu ikarudi mwanzo, tunazungumzia diski inayohifadhi vitu vyako, draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa), RAM (kumbukumbu ya muda) au Windows yenyewe.

Tazama pia kama inajizima kabisa, kimya, au inajiwasha upya yenyewe. Ni magonjwa tofauti. Inayozima ikanyamaza mara nyingi ina shida ya umeme au joto. Inayojirudia, inawaka inazima inawaka, mara nyingi imefika mahali ikakwama, na Windows imepangiwa kujiwasha upya inapokwama. Nasema mara nyingi kwa makusudi, maana nimeshaumbuka.

Fundi wa mtaani kwetu amesema tupige Windows upya. Nikubali?

Bado. Kupiga Windows, yaani kuiweka upya, ndiyo dawa inayotolewa haraka kuliko zote mjini, kwa sababu haihitaji bisibisi. Lakini kompyuta inapowaka, sekunde za mwanzo kabisa Windows haipo. Kinachofanya kazi ni BIOS, programu ndogo iliyo ndani ya bodi (ile sahani kubwa ambayo vifaa vyote vimechomekwa), inayokagua RAM, kibodi na diski kabla ya kuita Windows. Mashine ikifa hapo, utapiga Windows mpaka kesho na itaendelea kufa.

Kuna jaribio lisilo na gharama. Washa, na hapohapo gongagonga F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP, F1 kwenye Lenovo nyingi za mezani, au Delete kwenye bodi nyingi za kuunga mwenyewe. Utaingia kwenye kurasa za BIOS. Iache humo nusu saa, kapike chai. Ukirudi ukaikuta imezima, Windows imetoka kwenye orodha ya watuhumiwa, maana ilikuwa haijaguswa. Ukiikuta bado inawaka, Windows na diski zinabaki kwenye orodha, lakini usiachilie pawa saplai moja kwa moja: humo ndani ya BIOS mzigo ni mdogo, na pawa saplai iliyochoka inaweza kuubeba, kisha ikaanguka Windows inapoanza kuamsha diski na kadi ya picha.

Yangu inajizima sekunde ya nne kila mara, kama imewekewa saa.

Imewekewa saa kweli. Kompyuta hizi zimeundwa hivi: ukishikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde nne hivi, zinazima kwa nguvu, hata kama Windows imeganda. Sasa kitufe kikibana ndani baada ya kubonyezwa kisirudi, bodi inaamini kuna mtu amekishikilia. Inahesabu nne, inazima.

Mama mmoja alinijia na boksi lililokuwa limeshabadilishwa pawa saplai na RAM kwa mafundi wawili tofauti. Nikamuuliza, "Mama, hii inakaa wapi nyumbani?" Akasema, "Chini ya meza, mwanangu, pale wajukuu wanapokunywa uji." Nikafungua uso wa mbele wa boksi. Uji wa ulezi ulikuwa umekauka kuzunguka kitufe, mgumu kama gundi ya seremala. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na dakika kumi, kazi imekwisha. Ile pawa saplai ya zamani ilikuwa nzima, na alikuwa ameshaiacha huko alikotengenezea.

Kujipima mwenyewe: chomoa waya wa umeme, fungua pembeni, fuata nyaya mbili nyembamba zinazotoka kwenye kitufe hadi kwenye bodi. Kwenye bodi nyingi pini zake zimeandikwa PWR au PW. Piga picha kwanza, kisha chomoa kidude hicho, rudisha umeme, na gusisha zile pini mbili pamoja kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde. Mashine ikiwaka na ikadumu, umempata mwizi. Kama mashine yako imeunganisha kitufe kwa kidude kikubwa kisicho na maandishi, usibahatishe pini, safisha kitufe tu.

Kioo kinaleta maandishi kuhusu USB na kusema mashine itazima baada ya sekunde 15. Ni kirusi?

Hapana, ni bodi inajilinda. Baadhi ya bodi zikigundua umeme unavuja kwenye tundu la USB, zinaonyesha onyo hilo na kuzima kabla kitu hakijaungua. Chomoa kila kilichochomekwa: flashi, printa, kipanya, hata waya wa kuchajia simu. Ukiwasha ikatulia, rudisha kimoja kimoja.

Ikiendelea, chukua tochi na uchungulie matundu ya mbele. Flashi ikigongwa na goti, kile kiulimi cha plastiki cha ndani kinavunjika na vibati vyake vinagusana. Mafundi tunachomoa kidude cha matundu ya mbele kutoka kwenye bodi, na mteja anabaki na matundu ya nyuma. Wengi hawarudi kudai ya mbele.

Nitajuaje kama ni joto?

Kwa jinsi inavyochoka. Ikiwashwa asubuhi imepoa inadumu dakika mbili. Ukiiwasha hapohapo inadumu sekunde arobaini. Ya tatu, ishirini. Iache saa nzima, inarudi dakika mbili. Hakuna ugonjwa mwingine unaopungua kwa mpangilio huo.

Prosesa nyingi zinapokaribia nyuzi joto 100 za Selsiasi hupunguza kasi, na zikishindwa kupoa zinakata umeme zenyewe ili zisiungue. Ndani ya BIOS nyingi kuna ukurasa unaoonyesha joto la prosesa. Likianza kwenye 45 na likapanda mbele ya macho yako hadi 80, 90, bila hata kazi yoyote, basi joto halitoki.

Sababu ya kwanza ni vumbi. Mashine inayokaa sakafuni hapa kwetu inavuta vumbi, nywele na nyuzi za zulia mpaka chuma cha kupozea kinageuka blanketi. Lipulize nje, barazani, kwa blowa au brashi laini ya kupakia rangi, na ushike panga la feni kwa kidole lisizunguke: feni inayozungushwa na upepo inaharibika beringi, na inaweza kuzalisha umeme ukarudi kwenye bodi. Mashine ya kufyonzea vumbi la zulia usiitumie, inazalisha umeme tuli.

Sababu ya pili ni pesti. Kati ya prosesa na chuma cha kupozea kuna pesti ya kusafirishia joto, na baada ya miaka mingi inakauka ikawa kama chokaa ya ukutani. Ukifungua, futa ya zamani yote kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya dengu katikati, basi. Kuna vijana wanaipaka kama siagi kwenye mkate. Ikizidi haipozi zaidi, inachafua soketi.

Sababu ya tatu ndiyo inayonifurahisha, kwa sababu mteja huwa haamini. Vipoza vingi vya Intel vilivyokuja na prosesa vimeshikwa na vipini vinne vya plastiki vinavyosukumwa kwenye matundu ya bodi. Boksi likipakiwa kwenye bodaboda likarushwarushwa kwenye matuta, kipini kimoja kinachomoka. Kwa macho kipoza kipo mahali pake. Kwa kweli kimeinuka upande mmoja kama mguu wa meza mbovu, na prosesa inaiva. Kabla ya kununua chochote, shika kila kipini na ukitikise.

Na kama feni ya prosesa haizunguki kabisa, bodi nyingine hazisubiri joto lipande. Zinaandika kosa la feni na kusimama au kuzima. Angalia waya wa feni umechomekwa pale palipoandikwa CPU FAN, siyo kwenye pini za feni nyingine zilizo jirani.

Na pawa saplai mbovu ina dalili gani?

Ina dalili za kila ugonjwa, ndiyo taabu yake. Inawaka ikifa sekunde moja. Inakataa asubuhi ikakubali mchana. Inafanya kazi vizuri mpaka uweke kadi ya picha. Inanuka.

Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani, kwetu volti 230, na kuugawa kuwa volti 12, 5 na 3.3. Kiwango kinaruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia 5 kwenye nyaya hizo. Kwa hiyo kama una maltimita, kipimo cha umeme, waya wa njano dhidi ya mweusi usome kati ya 11.4 na 12.6, na mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ukisoma 11.1 mashine ikiwa imewaka, hiyo imezeeka. Tahadhari: kuna mashine za kampuni ambazo rangi za nyaya hazifuati utaratibu huu, kwa hiyo rangi ni mwongozo, siyo sheria.

Kuna njia ya kuiwasha pawa saplai peke yake, nje ya bodi, kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwenye plagi kubwa ya pini 24. Feni ikizunguka, wengi wanashangilia. Mimi sishangilii. Kuzungusha feni bila mzigo ni kama mtu kusimama mikono mitupu: haikuambii kama atabeba gunia. Jaribio la kweli ni kuazima pawa saplai nzima ya aina ileile. Hapo ndipo mashine ndogo za ofisini zinapotutesa, kwa sababu Dell na HP nyingi zina plagi zao wenyewe, na pawa saplai ya kawaida ya dukani haiingii.

Zile za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuja imewekwa 115. Ukiichomeka hivyo ukutani kwetu, utasikia mlio mmoja, utaona moshi, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Itazame kabla ya kuchomeka mara ya kwanza.

Halafu kuna mijusi. Sisemi kwa utani. Ndani ya pawa saplai kuna joto zuri usiku, na mjusi kafiri anaingia kwa nyuma kupitia matundu ya feni. Anakanyaga pasipokanyagika, anakauka palepale, na mwili wake unabaki daraja la umeme. Pwani hii nimetoa mijusi, mende, na siku moja kichuguu kizima cha sisimizi na mayai yao.

Lakini kumtoa mjusi niachie mimi au fundi mwingine. Usifungue boksi la pawa saplai. Kapasita zake kubwa, vile vidude vinavyotunza umeme, hubeba zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Ni sehemu pekee ndani ya kompyuta inayoweza kukuua.

Kwa fundi inafanya kazi siku nzima, nikifika nayo nyumbani inajizima. Mnanichezea?

Hatukuchezei. Kijana mmoja wa Mbagala alinirudia mara tatu na mashine ileile. Kwangu ikawaka asubuhi hadi jioni, nikaipa na video ya masaa mawili icheze, haikutikisika. Mara ya tatu nikamwambia aniletee kila kitu kinachoigusa. Akaja na waya na ekstensheni. Ile ekstensheni ilikuwa imebeba kompyuta, redio, pasi na feni, na tundu la kompyuta lilikuwa limelegea mpaka plagi inacheza kama jino la mtoto. Ukiinua waya kidogo, inazima. Ukiuacha, inawaka. Nilikuwa nimetibu mgonjwa mzima kwa wiki mbili.

Basi kabla ya kubeba boksi, chomeka moja kwa moja ukutani, chumba kingine, kwa waya mwingine. Waya wa umeme wa kompyuta ya mezani ni uleule wa skrini nyingi, kwa hiyo badilishana nao. Shika plagi baada ya dakika tano: ikiwa ya moto, hapo ndipo tatizo lilipo.

Fuatilia pia saa. Ikijizima jioni tu, wakati mtaa mzima umewasha majiko na friji, huenda umeme unashuka. Taa zikififia pale friji inaposhtuka, pawa saplai nayo inaona kitu hichohicho. Stabilaiza nzuri au UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, inasaidia.

UPS yenyewe ichunguze. Betri yake, nyingi ni za volti 12, kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, na joto la kwetu huifupisha. UPS yenye betri iliyokufa inaweza kuwa ndiyo inayokata umeme kila mashine inapovuta nguvu ya kuamka. Iruke kwa siku moja, uone.

Tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa kila ninapowasha. Inahusiana?

Inahusiana kwa njia ya mzunguko. Kwenye bodi kuna betri ya mviringo kama shilingi, CR2032, ya volti 3. Ikifa, bodi inasahau saa na mipangilio yote kila unapochomoa umeme. Betri hiyo peke yake ni nadra izime kompyuta. Kinachotokea ni hiki: mipangilio ikirudi ya kiwandani, namna ya kusoma diski inaweza kubadilika. Dell nyingi za ofisini kiwandani zimewekwa RAID, wakati aliyekupigia Windows hapa aliweka AHCI. Siku betri inakufa, Windows inaanza, haiioni diski yake, inaleta kioo cha bluu na kujiwasha upya bila kikomo. Watu wamefuta kila kitu kwa sababu ya kibetri cha bei ya soda mbili tatu. Badilisha betri, rudi BIOS, rudisha AHCI.

RAM ikilegea inaweza kuzima mashine?

Ndiyo, na mara nyingi itapiga milio. Idadi ya milio inategemea kampuni, kwa hiyo irekodi kwa simu badala ya kuikumbuka.

Chomoa umeme, bonyeza kitufe kama sekunde kumi kumaliza chaji iliyobaki, toa vipande vya RAM, futa yale meno ya dhahabu kwa ufutio wa penseli mpaka yang'ae, pangusa mabaki, rudisha kimoja tu mpaka pande zote mbili zilie "tak". Jaribu. Kisha kingine peke yake. Kisha tundu jingine. Walio karibu na bahari, Zanzibar, Tanga, Mombasa, huko chumvi ya hewani inafanya utando kwenye meno hayo, na ufutio huu unawaokoa pesa nyingi kuliko kifaa chochote nilicho nacho mezani.

Ikiwaka na kudumu, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows na uiruhusu ikague RAM usiku kucha.

Basi ni lini Windows inakuwa ndiyo mkosaji?

Pale inapodumu kwenye BIOS, inapoa vizuri, umeme ni safi, na bado inaanguka kwenye vidoti au mara tu baada ya kuweka nenosiri. Na hasa kama ilianza baada ya kitu: sasisho, draiva mpya, antivairasi ya pili juu ya ya kwanza, au umeme kukatika katikati ya kuwaka.

Ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, Windows 10 na 11 hufungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart, halafu bonyeza 4 uingie Safe Mode. Humo Windows inapakia vitu vichache tu. Ikitulia humo, ondoa kile ulichoweka mwisho. Ukiwa kwenye ukurasa uleule wa Startup Settings, namba 9 inazuia kujiwasha upya baada ya kukwama, na hapo kioo cha bluu kitabaki ukisome. Kipige picha. Maneno ya herufi kubwa ya chini ndiyo ninayoyahitaji, siyo uso wenye huzuni.

Ukifanikiwa kuingia, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika sfc /scannow, na ikimaliza, chkdsk /scan. Kisha fungua Event Viewer, Windows Logs, System. Utakuta namba 41 ya Kernel-Power, na watu hunitumia picha yake wakidhani wamepata jibu. Namba 41 inasema tu kwamba mashine ilizima bila kuaga. Ni cheti cha kifo kisichotaja sababu. Inayofaa zaidi ni 1074, kwa sababu inataja programu au mtumiaji aliyetoa amri ya kuzima. Ukiiona hiyo dakika ileile mashine ilipojizima, na si wewe uliyezima, umeme wako hauna kosa, kuna kitu kimeamuru.

Jaribu pia kuzima ule uwakaji wa haraka: kwenye Command Prompt hiyohiyo andika powercfg /h off. Windows tangu toleo la 8 haizimi kabisa, inalala nusu na kuhifadhi hali yake kwenye diski. Hali hiyo ikiharibika, inaamka ikianguka.

Lakini kuna virusi vinavyozima kompyuta, au sivyo?

Vilikuwepo. Waliokuwa na Windows XP mwezi Agosti 2003 wanakumbuka Blaster: unaunganisha intaneti, kisanduku kinatokea, kinahesabu sekunde 60, mashine inajiwasha upya. Tulikuwa tunakimbilia kuandika shutdown -a kusimamisha saa. Leo kirusi kinataka mashine yako ikae imewaka ili kikuibie. Kinachozima kabla ya Windows kuingia si kirusi.

Picha na hesabu zangu za duka zitapotea?

Kwa kuzimika peke yake, kwa kawaida hapana. Diski ikitolewa na kuwekwa kwenye mashine nyingine, au kwenye kasha la USB, vitu vinasomeka. Ikigongagonga ndani kama saa ya ukutani, acha kuiwasha, kila jaribio linaikwaruza zaidi.

Kwa Windows 11, na baadhi ya 10, diski inaweza kuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, bila wewe kujua. Ukibadilisha bodi au mipangilio ya BIOS inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyotumia kuanzisha mashine. Utafute kabla hujaanza kubonyeza mambo.

Yangu ni laptop.

Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe sekunde 30, kisha washa kwa chaja peke yake. Ikidumu, betri. Ikizima, hakikisha chaja ina wati zinazotakiwa: laptop ya wati 65 iliyopewa chaja ya 45 inaweza kuwaka vizuri na kuanguka ikianza kazi. Mengine ya joto ni yaleyale, isipokuwa kuifungua ni kazi ya mikono iliyozoea.

Itengenezwe au ninunue nyingine?

Feni, pesti, RAM, pawa saplai, diski: tengeneza. Bodi yenye kapasita zilizovimba vichwa kama chapati, hasa mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000, au bodi iliyoliwa na chumvi: toa diski, iage. Kumbuka pia kwamba Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya 11. Sikushauri uweke bodi mpya kwenye mashine ya namna hiyo, labda kama utatumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows.

Nikiileta kwako nije na nini?

Zile namba tatu za sekunde ulizoandika, picha ya kioo kilipokwama, na jina la kitu cha mwisho ulichoweka au kuchomeka. Kama kuna fundi aliyekwisha kuifungua, niambie, sitamsema. Skrini iache nyumbani, ninayo. Ila waya wa umeme wa boksi njoo nao, na ekstensheni.